Vikombe Milioni Nne kwa Megalita Moja

Vijana wa maabara, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na ombi. Saa nimeitundika sebuleni. Keki wajukuu waliimaliza, kosa na yote. Ombi ndilo limenikalisha mezani leo: niwaandikie machache ya miaka yangu katika kituo cha maji, yale ambayo hayamo kwenye miongozo ya kazi.

Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuja vikiwa vimechelewa, kama wageni wa harusi, na kila mmoja wenu atakuwa na malalamiko yake mwenyewe ya kutosha.

Mtashangaa kwamba nimeandika Kiswahili. Najua kazini kwetu Kiingereza kiko ofisini na Luganda iko kila mahali pengine, na Kiswahili katika mji huu wa Kampala watu wengi walikijua kwa sauti ya askari anayekuamuru ulale chini. Lakini mimi ni Mnubi wa Kawempe. Kwa bibi yangu tulisema Kinubi, na kwa baba, aliyekuwa polisi, tulisema Kiswahili. Na hesabu ninazotaka kuwaeleza nilifundishwa kwa Kiswahili, na mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu pekee kazini niliyezungumza naye lugha hiyo. Nimejaribu kuziandika kwa Kiingereza. Zilitoka sahihi kabisa na sikuzitambua.

Siku yangu ya kwanza nilifika na cheti ndani ya bahasha, nimevaa viatu vipya vilivyonibana. Maabara wakati ule ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa, meza ndefu ya saruji na mzani uliofunikwa kitambaa. Mwanamume mwembamba mwenye miwani alikuwa amesimama mbele ya safu ya gilasi sita za maji ya ziwa, akizitazama kama mama anavyotazama maziwa yasichemke yakamwagika. Alikuwa ametia shabu kidogo katika kila gilasi, kwa vipimo tofauti, na alikuwa anangoja kuona katika gilasi ipi uchafu ungeshikamana na kuzama kwanza. Aliniuliza jina langu kwa Kiingereza.

“Hadija,” nikasema.

“Wewe Mnubi?”

“Ndiyo.”

“Basi tuseme Kiswahili, dada Hadija. Kiingereza changu ninakitunza kwa ajili ya ripoti.”

Huyo ndiye Bwana Simiyu, mkemia wetu, Mkenya wa Bungoma. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Mombasa kabla ya kuja kwetu kwa mkataba, na Kiswahili chake kilikuwa kimekwenda pwani kikarudi kimeoga. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano, kwa hiyo nikamwita Mzee tangu siku ile, na yeye akaniita dada mpaka mwisho.

Uchafu ulipozama alichemsha maji, akatengeneza chai, akanipa kikombe. Nikadhani ni mapumziko.

“Lile tangi letu la mlimani lina ukubwa gani?” akaniuliza.

Nilikuwa nimesoma habari hiyo usiku kucha. “Megalita nane, Mzee.”

“Ni vikombe vingapi?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanywa chai yake, akangoja.

“Umewahi kuiona megalita?” akauliza tena.

“Hapana.”

“Hata mimi sijaiona. Hakuna aliyeiona. Lakini kikombe unacho mkononi. Anzia hapo, upande nacho polepole.”

Nilipanda nacho asubuhi nzima, na viatu vikinibana. Ninyi mna simu za kufanya kazi hiyo, lakini nitawaonyesha njia, maana siku moja chaji itaisha.

Kijiko cha chai ni mililita tano. Vijiko vitatu vya chai ni kijiko kimoja cha mezani, mililita kumi na tano. Kikombe cha chai cha jikoni, kile cha kawaida, ni mililita mia mbili na hamsini, kwa hiyo vikombe vinne ni lita, na hapa ndipo mtu anapumzika kwa mara ya kwanza. Lita ishirini ni jerikani, ambayo kila mwanamke wa Kampala anaijua kwa shingo na mgongo wake, na ndani yake mna vikombe themanini. Jerikani hamsini ni mita moja ya ujazo: sanduku ambalo mtoto wa chekechea angeweza kusimama ndani yake na kufunikwa. Masanduku elfu moja kama hayo ndiyo megalita. Kwa hiyo megalita ni lita milioni moja, jerikani elfu hamsini, vikombe milioni nne. Tangi letu la mlimani basi lilikuwa vikombe milioni thelathini na mbili, likijaa. Kwa vijiko vya chai msijaribu mkiwa na njaa: megalita moja ni vijiko milioni mia mbili.

Juu ya hapo kuna gigalita, megalita elfu moja, vikombe bilioni nne. Kiwango hicho hutumika kusemea maji ya mji kwa miezi, si kwa siku. Na juu kabisa kuna teralita, gigalita elfu, ambayo ni maji ya kujaza sanduku lenye urefu, upana na kina cha kilomita moja. Kijiko cha chai kinaingia ndani ya teralita mara trilioni mia mbili. Ziwa letu lina teralita zaidi ya elfu mbili. Nilipomwuliza Mzee Simiyu kama tulifikishe ziwa lote kwenye vijiko, aliangalia dirishani muda, midomo ikicheza, halafu akasema, “Tumwachie Mungu, Yeye ana vidole vingi.”

Msidhani ulikuwa mchezo mtupu. Tulitia dawa kwa kilo kwa megalita, na aliyezoea kushuka hadi kikombe alijua mara moja kama kipimo kina akili au hakina. Kilo moja ya klorini katika megalita ni miligramu moja katika lita, ni robo ya miligramu katika kikombe chako cha chai. Ukiambiwa utie kilo mia moja katika megalita, kikombe kinakuambia hapana kabla hujafungua kitabu. Bomba la jirani linalodondoka likajaza kikombe kwa dakika tano, mwaka mzima linapoteza kama lita elfu ishirini na sita. Mabomba arobaini ya namna hiyo katika mtaa mmoja yanakula megalita nzima na zaidi. Nilipowaeleza wenye nyumba hivyo, walikwenda kununua mipira ya bomba. Nilipowaambia “asilimia ya upotevu,” walinikaribisha chai.

Na chungeni herufi. M ndogo mbele ya L ni mililita. M kubwa ni megalita. Mwenzetu mmoja wa stoo, namheshimu simtaji, aliagiza asidi ya maabara ML mia tano kwa M kubwa. Muuzaji akapiga simu kwa adabu kuuliza kama tuna bonde la kuiweka.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mimi na Mzee. Yeye alileta njugu za kukaanga na mimi nilileta gurusa, mkate wetu mwembamba wa Kinubi, na wakati sampuli zinakaa kwenye joto tulizungumza. Alinirekebisha Kiswahili changu cha kambini bila kunidharau. Nilikuwa nasema “hiyo maji” naye anasema “hayo maji” katika sentensi inayofuata, kana kwamba ni kwa bahati tu. Wenzetu walipita mlangoni wakicheka: “Maaskari wako kikao!” Mwaka ambao ziwa lilijaa mwani, maji yakanuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa, tulikaa maabara kuanzia alfajiri mpaka magharibi kwa wiki nyingi, tukipima, tukitia, tukipima tena. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Lakini leo mtu akiniambia nichague wakati mmoja nirudishiwe, nitachagua wiki zile, na harufu yake.

Sasa nifike kwenye jambo gumu.

Ilikuwa kiangazi. Mzee Simiyu alikwenda mlimani kuchukua sampuli kama kawaida. Ukichukua sampuli unasuuza chombo kwanza, kwa maji yale yale unayotaka kupima, na yale ya kusuuzia unamwaga pembeni. Aliinama kwenye mfuniko wa tangi, akasuuza, akamwaga majanini, akachota, akashuka. Kuna mtu alikuwa anapita njia ya chini akamwona mwanamume ameinama na kikombe juu ya maji ya mji. Sijui huyo mtu ni nani na sijawahi kutaka kumjua. Mpaka siku iliyofuata Kawempe nzima ilikuwa inasema kwamba Mkenya mmoja ametia kikombe cha sumu ndani ya tangi.

Mimi nakaa Kawempe. Nilisikia habari hiyo kwa mwanamke wa dukani, naye hakujua nafanya kazi wapi. “Hajati, usikunywe ile maji,” akaniambia. “Iko na dawa ya Mkenya. Sisi tunaenda chini kwa chemchemi.”

Chemchemi ile naijua. Inatoka chini ya mteremko ambao juu yake pamechimbwa vyoo nyumba kwa nyumba. Nilikwenda nikachota sampuli mwenyewe, nikaipeleka maabara. Sikuhitaji kungoja matokeo ili nijue, ila nilingoja, na yalikuwa mabaya kuliko nilivyodhani. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka kwa kutofunguliwa na kule chini foleni ya jerikani ilipanda mpaka barabarani. Haikupita muda watoto wakaanza kuhara.

Ofisi ilituma gari lenye kipaza sauti, likapita likisema maji ni salama. Watu waliliangalia likipita. Ndipo Mzee Simiyu akasema atakwenda mwenyewe.

“Mzee, wewe ndiye wanayekusema,” nikamwambia.

“Ndiyo maana. Wakimwona mtu mwingine watasema nimejificha.”

Mwenyekiti wa mtaa alitukusanyia watu uwanjani karibu na msikiti baada ya sala ya alasiri. Walikuja wengi, na wengi hawakusalimia. Mzee alisimama mbele yao na kikombe chake, akaanza kwa njia aliyonifundisha mimi. Alisema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri kwa Luganda kwa wasiokisikia. Alieleza kwamba hakutia chochote. Halafu akasema kwamba hata kama mtu mwovu angetia kikombe kimoja, tangi lile lina vikombe milioni thelathini na mbili, na akapanda nao hatua kwa hatua: kikombe, lita, jerikani, mita ya ujazo, megalita. Alieleza vizuri. Sijawahi kusikia hesabu ile ikielezwa vizuri zaidi, na nilipokuwa natafsiri niliona tumekwisha kushinda.

Mwanamke mmoja akasimama. Watu walimpisha kwa namna ambayo ilipaswa kunionya. Alikuwa anauza viatu vya mitumba sokoni Nakivubo, akiwauzia Wakongo na Wakenya, kwa hiyo hakunihitaji mimi nimtafsirie. Walimwita Nalongo, mama wa mapacha.

“Ssebo, bwana, mimi nataka kuuliza tu,” alisema. “Hiyo kikombe moja, unasema imepotea ndani ya maji mingi?”

“Haikutiwa, mama. Lakini hata ingetiwa, ni moja katika milioni thelathini na mbili. Haiwezi kuonekana.”

“Haionekani.”

“Haionekani kabisa.”

“Mimi nilizaa mbili,” alisema Nalongo. “Moja nimezika juzi. Tulikunywa ya chemchemi kwa sababu tuliogopa yako. Sasa kwa hiyo milioni yako, mtoto yangu pia haionekani?”

Hakuna aliyenisubiri nitafsiri. Wote walielewa.

Mzee Simiyu akavua miwani. Aliinama akaweka kikombe chini, akakaa pale pale chini kwenye vumbi, mtu mzima na suruali yake ya ofisi.

“Alikuwa anaitwa nani?” akauliza.

“Kato.”

“Pole sana, mama Kato. Mimi nilianza vibaya. Naomba, ukikubali, twende nyumbani kwako tukupe pole kwanza. Hayo ya maji tutayasema siku nyingine.”

Nalongo akaanza kutembea, nasi tukafuata. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na ukumbi wa mabati. Yule pacha aliyebaki, Wasswa, alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani. Nilimwangalia, nikasema huyu hawezi kungoja pole. Mzee alisimamisha boda, nikampakata mtoto, mama yake akapanda nyuma yangu, tukampeleka hospitali Mengo huku Mzee akitufuata na boda nyingine. Wasswa alitiwa maji mwilini, akapona. Yule mtoto leo ni fundi wa simu, ana duka. Ananitengenezea yangu kila inapoanguka, na inaanguka sana.

Kesho yake Mzee alikwenda kukaa kwenye bomba la mtaa, lile lililo karibu na nyumba ya Nalongo. Alifungua bomba, akajaza kikombe, akanywa, akakaa kwenye jiwe. Nikakaa naye. Hakueleza chochote. Mtu akimwuliza habari anajibu habari. Mtu akimtukana anasema “asante.” Watu walipita na jerikani zao tupu wakielekea bondeni, wakarudi nazo zimejaa, naye akijaza tena kikombe chake mbele ya macho yao. Tulirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Kazi ya maabara tulikuwa tunaikimbilia mchana.

Wa kwanza kuja alikuwa Nalongo. Alikuja na sahani ya muhogo wa kuchemsha, akaiweka jiweni katikati yetu, akaenda zake Nakivubo. Siku nyingine akaja na sahani na jerikani.

“Kama iko na sumu, wewe ungekufa kitambo,” alimwambia Mzee huku akifungua bomba. “Na kweri, mtu mubaya hawezi kula muhogo yangu siku zote hivyo.”

“Ni mtamu, mama Kato.”

“Bambi, maskini, unajua kusema uongo vizuri. Hauna chumvi.”

Jerikani yake ilijaa tukiiangalia sote. Nimeshuhudia mitambo mikubwa ikizinduliwa na mawaziri, na utepe ukikatwa, na hakuna maji niliyoyaangalia kama yale. Jioni ile watu wengine wakaja. Chemchemi ikazungushiwa miba, na magonjwa yakapungua, halafu yakaisha.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini mkataba wa Mzee Simiyu ulikuwa unakaribia kwisha, na wakubwa wakaamua usifanywe upya. Hawakumlaumu kwa lolote. Walisema jina lake lilikuwa limesemwa sana mitaani na ingekuwa busara kuweka mtu mpya. Niliingia ofisini kwa mkuu bila kuitwa, nikasema yote niliyoyaona pale kwenye bomba. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa mtu muungwana. Akasema, “Hadija, najua,” na haikubadilisha kitu.

Nilimsindikiza Mzee kituo cha mabasi. Alikuwa na sanduku moja na godoro lililokunjwa kwa kamba. Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu asubuhi, kwa Kiswahili chake kile cha pwani, upatanisho wote wa ngeli ukiwa mahali pake. Makuli walikuwa wanapiga kelele, dereva anapiga honi, mtu anauza mayai dirishani.

“Dada Hadija,” akasema akiwa tayari mlangoni, “ile kemikali ya chupa ya kahawia inakwisha muda mwezi ujao. Usiitumie ikipita. Inadanganya.”

“Sawa, Mzee.”

“Haya.”

“Safari njema.”

Basi likaondoka. Nilirudi kazini, nikaweka alama kwenye chupa ya kahawia, na ile hotuba yangu bado ninayo.

Miaka iliyofuata ilikuwa mingi, na mingine baadhi yenu mliikuta. Maabara ilihamia jengo jipya. Skrini zikaja, zikawa zinasema megalita zenyewe, kila dakika, kwa rangi. Niliwafundisha wakemia saba au wanane, wote wazuri, wote kwa Kiingereza. Mnakumbuka nilikuwa nawauliza “vikombe vingapi?” nanyi mnaingiza mkono mfukoni. Jibu lilikuwa linatoka sahihi, na haraka. Sikuwa nataka jibu. Nilikuwa natamani ule muda mfupi wa mtu kutazama dirishani, midomo ikicheza, kabla ya kulifikia.

Kazi ya kwenda mitaani ikawa yangu. Kila ulipozuka uvumi, na huzuka, mimi ndiye niliyetumwa. Nilikwenda na kikombe na nikaacha mamilioni ofisini. Nilianza kwa kuuliza nani anaumwa, na anaitwa nani. Zikifika saa za hesabu, kama zikifika, tulizifanya pamoja, wao wakihesabu jerikani za nyumbani kwao wenyewe. Hilo ndilo pekee ninalotaka mlishike katika barua yote hii ndefu.

Lakini Kiswahili kilinikaukia kinywani. Mume wangu Abdalla anakisikia ila anapenda Kinubi. Watoto wangu walijibu kwa Luganda. Mjukuu sasa anafundishwa shuleni na ananirekebisha. Kwa miaka Mzee alinipigia simu sikukuu ya Idd, nami nikampigia Krismasi. Aliuliza ziwa likoje, mwani umerudi, nani anapima shabu. Nilikuwa natoka nje ya nyumba ili nimsikie vizuri. Kisha simu zikawa fupi. Idd moja hakupiga. Nilipopiga mimi akapokea binti yake, Nekesa, akasema baba anasahau sana siku hizi.

Ndiyo sababu, wiki ya pili baada ya keki yenu, nilipanda basi la Bungoma. Abdalla aliniuliza kama anisindikize. Nikamwambia hapana, naye hakuuliza tena, na kwa hilo namshukuru.

Nekesa alinipokea barabarani. Tukitembea kwenda nyumbani aliniambia nisishtuke. “Shangazi, baba hazungumzi Kiingereza tena. Kiswahili pia kimeondoka. Amebaki na Lubukusu tu. Daktari anasema ya utotoni ndiyo hukaa mwisho.”

Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini, mwembamba zaidi. Nikamsalimu: “Shikamoo, Mzee.” Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni wa mtu mwingine. Akasema jambo kwa binti yake.

“Anauliza umetoka wapi,” alisema Nekesa. “Nimemwambia Kampala. Anasema ni mbali, upewe kiti.”

Nikapewa kiti. Nekesa akaenda jikoni. Sikuwa na neno hata moja la Lubukusu, naye hakuwa na langu. Tulikaa. Kuku walikuwa wanachakura chini ya migomba. Nilifikiri, nimekuja njia yote hii kukaa kimya. Basi potelea mbali, nikaanza kusema.

Nilisema kwa Kiswahili, polepole, kila neno na upatanisho wake. Nilimwambia maabara imehama, dirisha jipya linatazama maegesho. Nilimwambia kuhusu skrini, na keki, na mwenzetu wa stoo aliyefariki. Nilimweleza duka la Wasswa. Nilimweleza mwaka mwani uliporudi, na kipimo nilichotia, na kwamba nilitia sawasawa. Nilimweleza hata hotuba ya kituo cha mabasi, yote, na sikuona haya, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba. Nilidhani amelala.

Jua lilipofika upande wa zizi nikaona saa za basi zimekaribia. Nikanyamaza, nikaokota mkoba wangu, nikainuka.

Mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukashika ukingo wa shuka nililojitanda. Alisema maneno machache, kwa nguvu, bila kufumbua macho. Nekesa alikuwa mlangoni na sinia la chai, amesimama.

“Anasema nini?” nikamwuliza.

“Anasema usiache.”

Nikaweka mkoba chini. Basi la Kampala lilipiga honi kule barabarani, likapita, nami nilikuwa nimekwisha kuanza tena.